Nani Alipie Kiazi cha Mwakani?

Hivi, ua likigoma kuchanua, lina kosa?

Najua swali hili linasikika la kitoto, la watu wenye nafasi ya kukaa barazani na kuhesabu majani wakati wenzao wanahesabu kwacha na shilingi. Lakini nakuomba, ndugu msomaji, univumilie kidogo. Ninaandika kutoka Tunduma, mji usiojua kusubiri kitu chochote isipokuwa foleni ya malori, na ninayo sababu ya kuuliza. Ua ambalo watu wa mijini wanalifuga kwenye chungu na kulibembeleza lichanue tena, huku kwetu ndugu zake wanachimbwa, wanasagwa na wanaliwa. Kati ya anayebembeleza na anayekula lipo swali la maadili. Tunapita mbele yake kila siku sokoni, na sisi vijana tunaojiita waandishi hatujaligusa.

Ua lenyewe ni okidi. Usidhani ni mmea mmoja. Wataalamu wanahesabu aina zaidi ya 25,000 duniani. Zile unazoziona mapokezi ya hoteli kubwa, zenye maua mapana kama mabawa ya kipepeo, asili yake ni misitu ya Asia, nazo huoteshwa kwa mamilioni ndani ya mabanda ya vioo huko Uholanzi na Taiwan. Zetu ni nyingine. Ziko zinazokaa juu ya miti ya miombo, mfano ile ambayo wataalamu wanaiita Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Na ziko zinazoota ardhini, katikati ya nyasi za nyanda za juu, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Hizi za ardhini ndizo zinazoliwa.

Nianze na ya chungu, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja alihama kuelekea Kapiri Mposhi kumfuata mumewe. Mizigo ilikuwa mingi, akaniachia kopo la rangi lenye okidi ya mtini. Akaniambia, “Mdogo wangu, huu mmea ulichanua mara moja tu, tangu hapo umenuna. Ukikushinda, tupa.” Niliupokea. Ulikuwa na mabua membamba mfano wa miwa ya watoto, mengine hayana hata jani moja, na vijizizi vyeupe vilivyosimama juu kama sindano.

Mzee mmoja aliyekulia Momba, ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa kurina asali, ndiye aliyenielekeza. Alisema mmea huu haukuzoea udongo. Umezoea upepo na ganda la mti, na zile sindano ni mtego wake wa kudaka majani makavu yanayodondoka, yaoze na kuwa mbolea. Basi nikautoa udongo wote kopo zima, nikatoboa matundu chini, nikajaza vipande vya mkaa na maganda ya mti. Nikaliweka chini ya upenu upande wa mashariki, jua la asubuhi linapofika. Wakati wa masika, machipukizi mapya yakikua, nilimwagilia bila ubahili. Kuanzia Mei, mvua zilipokatika na baridi ya Juni ikaanza kutia adabu, nilipunguza maji mpaka yakawa ya kuonja tu. Na yale mabua makavu yasiyo na majani, ambayo kila mgeni aliniambia niyakate, mzee alinikataza nisiyaguse. “Hiyo ndiyo ghala yake,” alisema.

Mwaka wa kwanza, kimya. Mwaka wa pili, Oktoba, kabla ya mvua, shina la maua likachomoza kwenye ncha ya bua. Mtaa mzima ukaja kuangalia.

Hata zile za hotelini zina tabia yake ya namna hiyo. Zinataka wiki kadhaa za hewa ya ubaridi, chini ya nyuzi 25 hivi, ndipo zinatoa shina la maua. Ukiifuga kwenye joto la Dar es Salaam lisilopoa hata usiku, inaweza kukupa majani mazuri mwaka baada ya mwaka na ua usilione. Wakulima wa Uholanzi wanalijua hilo, kwa hiyo wanayapoza mabanda kwa makusudi. Ukiipeleka Mbozi, kwenye usiku wa baridi wa wakulima wa kahawa, hewa yenyewe itakusaidia kazi.

Basi jibu la swali langu la kwanza ni rahisi. Mmea hauna kosa. Ule tuliouita mnuno ulikuwa kipindi cha kuweka akiba. Jani ni mapato, ua ni matumizi. Mmea unachanua pale unapokuwa na ziada, na hautachanua tena mpaka ziada nyingine ipatikane. Anayetaka ua la pili hana budi kuilinda ile sehemu isiyopendeza: bua kavu, mzizi, miezi ya kimya.

Hapo mambo yangeishia, nikawa nimeandika makala ya bustani. Lakini sasa twende mlimani.

Okidi ya ardhini haina bua la kuwekea akiba. Ghala yake iko chini, nayo ni viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimeshaanza kunyauka, maana ndicho kinacholisha majani na maua ya msimu huu. Cha pili ni kipya, kimejaa wanga, na kazi yake ni kusubiri. Majani yatakauka, kiangazi kitapita, moto wa nyika utapita juu yake, na mvua zikirudi kiazi hicho kipya ndicho kitakachoota. Mwaka huu unalala pembeni ya mwaka ujao, ndani ya shimo moja, pembamba kiasi cha kutosha mkono.

Mchimbaji anapochimba, anachukua kipi? Anachukua kipya. Cha zamani kimeshakuwa kapi, hakina unga. Kwa hiyo kila kiazi unachokiona kwenye debe sokoni ni ua la mwakani. Sisemi hivi kwa kutafuta maneno matamu, ndivyo mmea wenyewe ulivyoumbwa.

Viazi hivyo vinakaushwa, vinatwangwa, unga wake unachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, unasongwa mpaka ukakamae, kisha unawekewa makaa juu na chini kama mkate. Hicho ndicho chikanda. Kinakatwa vipande, kinaliwa kama kitoweo au kama kitafunwa, na wengine wanakifananisha na soseji. Zamani kilikuwa chakula cha vijiji vya kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba. Kikahamia mijini, Lusaka na Copperbelt, kikawa cha harusini na cha barabarani. Viazi vya kwao vikaanza kuadimika, na katika miaka ya 1990 macho ya wafanyabiashara yakageukia upande wetu: Makete, Rungwe, Mbeya, Ileje, mpaka Rukwa. Njia ya kuvukia ilikuwa hapahapa Tunduma, magunia yanateremka kwenye mabasi, yanavuka kwenda Nakonde. Watafiti walioichunguza biashara hii na kuchapisha matokeo mwaka 2003 walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vinavuka kila mwaka.

Milioni 4! Piga hesabu mwenyewe. Kiazi kimoja, mmea mmoja.

Mwaka 2005 serikali ilitangaza Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, na biashara hii ilikuwa mojawapo ya sababu. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni zaidi ya kilometa za mraba 400 za nyasi na maua, na ndani yake zinahesabiwa aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Mkataba wa kimataifa wa CITES nao unaziorodhesha okidi zote, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Sheria ipo. Hifadhi ipo. Na chikanda kipo, bado kinaliwa.

Sasa niwaeleze nilichoambiwa sokoni. Kuna mama mmoja wa makamo anayeuza dagaa, karanga na, ukimuuliza vizuri, viazi hivyo vilivyokaushwa. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza kuhusu mvua na bei. Kisha nikamweleza habari za viazi viwili, kile cha mwaka huu na kile cha mwakani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua karanga.

“Mwanangu,” alisema, “wewe ukinunua samaki huwa unauliza kama mama yake yu hai?”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Anayechimba ananiletea mimi, mimi nalipa ada ya mtoto. Yeye naye analipa ya kwake. Hilo ua lako likichanua huko mlimani, nani anakuja kutulipa kwa kuliangalia?”

Jamani, nimesoma makala kibao kuhusu uhifadhi na sijakutana na swali lenye uzito kama hilo.

Wapo watakaosema jibu ni jepesi: njaa haina miiko, waacheni watu wale. Wapo watakaosema jibu ni jepesi vilevile upande wa pili: uharibifu ni uharibifu, wakamateni. Mimi nayaona majibu yote mawili yamekwepa kazi.

Lile la kwanza linasahau kwamba anayechimba leo ananyang’anya mtu, na mtu huyo si mtalii. Ni mtoto wake mwenyewe, ambaye atapanda mlima uleule akiwa na jembe lilelile, akute nyasi tupu. Na okidi hairudi kirahisi kama mchicha. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba yoyote ya chakula ndani yake, na porini haioti mpaka ikutane na uyoga fulani wa udongoni utakaoilisha. Mfaransa Noël Bernard aliligundua hilo mwaka 1899. Maelfu ya mbegu hupotea ili moja iote, na inachukua miaka kadhaa kabla haijatoa ua lake la kwanza. Kwa hiyo akiba inayotumika ni ya muda mrefu, na mwenye haki juu yake hajazaliwa, au amezaliwa lakini bado hajui kupanga bei.

Jibu la pili nalo linasahau jambo ambalo mimi nalishika kama kiini cha makala hii: kusubiri kuna gharama, na gharama hiyo inamwangukia mtu fulani. Mimi nilisubiri miaka miwili ua la kopo lichanue. Watu walinisifu kwa subira. Subira gani? Ilinigharimu maji ya kuonja na nafasi ya upenu. Ugali wangu haukutegemea lile bua. Ningeweza kusubiri hata miaka kumi na chakula cha jioni kisipungue. Mchimbaji wa mlimani akisubiri msimu mmoja tu, anasubiri na ada, na dawa, na bati la nyumba. Tunatumia neno moja, kusubiri, kwa mambo mawili yasiyolingana hata kidogo, halafu tunamshangaa yule wa pili kwamba hana uvumilivu kama wa kwanza. Wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli. Lakini heri inavutwa kwa kamba, na lazima tuulize kamba hiyo imefungwa kiunoni mwa nani.

Wala tusidhani ulafi wa viazi vya okidi ni ugonjwa wa watu maskini wa Afrika. Waturuki wana kinywaji cha moto kinachoitwa salep, na aiskrimu yao nzito inayovutika kama mpira, vyote kwa unga wa viazi vya okidi. Kilo moja ya unga huo inataka zaidi ya viazi elfu moja. Uturuki imepiga marufuku kuuza unga huo nje, na bado okidi zake zinachimbwa. London nayo, katika karne ya 18 na ya 19, ilikuwa na wauzaji wa kinywaji cha aina hiyo mitaani, kabla kahawa na chai hazijawashinda. Tamaa ya kula kiazi cha mwakani ni ya binadamu wote. Kinachotofautiana ni nani anaishia kuitwa mharibifu.

Je, kuna njia ya kula okidi bila kuiua? Ipo, na wengi tumeionja. Vanila ni okidi, na kinacholiwa ni tunda lake. Mmea unabaki, mwakani unazaa tena. Wakulima wa Kagera wanaifahamu kazi hiyo. Lakini angalia historia yake. Vanila ilipotolewa Mexico na kupelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi, ilikuwa inachanua bila kuzaa, mpaka mwaka 1841 mtoto wa miaka 12 kisiwani Réunion, mtumwa, jina lake Edmond Albius, alipogundua namna ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo ingali inatumika mpaka leo. Mashamba yakatajirika. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Maarifa yalipatikana, ua likazaa, na aliyelifanya lizae hakugawiwa. Kwa hiyo hata maarifa peke yake hayatoshi kama hesabu ya nani analipwa haijakaa sawa.

Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa maabara, kwenye chupa yenye sukari na madini, bila ule uyoga. Watafiti wa Zambia na Uingereza wamekuwa wakijaribu kuotesha okidi za chikanda. Mimi nawaunga mkono. Lakini namwona yule mama wa sokoni akiniuliza: na hizo chupa zikifanikiwa, shamba litakuwa la nani? La mchimbaji wa Ileje anayejua kila bonde linapoota, au la mtu mwenye ofisi Lusaka na Dar es Salaam? Kama ni la huyo wa pili, tutakuwa tumemwambia mchimbaji asubiri, kisha tumevuna sisi.

Msimamo wangu basi ni huu. Kumtaka mtu aache kiazi cha mwakani ni haki pale tu anayetaka hivyo yuko tayari kubeba sehemu ya gharama ya kukiacha. Hifadhi inayoingiza watalii iwalipe wanaoishi kando yake kwa kiasi wanachokihisi mfukoni. Mlaji wa mjini anayekipenda chikanda akubali kula kidogo na kulipa zaidi, kwa kiazi kilichopandwa. Serikali mbili zinazokaa ndani ya kituo kimoja cha mpakani tangu mwaka 2019, zikikagua malori, zikae pia zizungumze juu ya debe hili. Na mimi mwenye kopo langu la okidi, ninayependa kulitazama ua, ninadaiwa vilevile. Kuandika ni malipo madogo sana, lakini si sifuri.

Neno moja kwa wenzangu wa kalamu. Katika kundi letu yuko kijana aliyetoa hadithi moja nzuri, kisha akakaa kimya mwaka mzima. Watu wakaanza: “Vipi, umeishiwa?” Naye kwa aibu akaanza kutoa kila alichoanza kukifikiri, kibichi, kila wiki, mpaka ghala ikawa tupu. Nani alimlazimisha? Ni sisi, wasomaji wake na marafiki zake. Tulitaka ua la pili na hatukutaka kulipia kimya kilichopo katikati. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza anakula wapi, anaandikia kwenye meza gani, nani anamlindia saa mbili za utulivu jioni. Tulimdai tu.

Kwa hiyo ukikutana na kitu kilichochanua mara moja na sasa kimenyamaza, mmea, mlima, au mtu, usikiulize kwa nini kinanuna. Uliza akiba yake iko wapi, na nani ameshaweka mkono juu yake. Kisha jiulize wewe uko tayari kutoa nini ili mkono huo uondoke bila mwenye mkono kulala njaa.

Yule mama bado namdai jibu, au tuseme yeye ndiye ananidai. Atakayekuwa na jibu bora kuliko langu alilete. Kurasa hizi ni zetu sote.